Jina la Kwanza la Columbo: Jibu la Uongo Lililofika Mahakamani

Kama umewahi kusahihisha mitihani, unajua kwamba mwanafunzi aliyeangalizia hakamatwi kwa majibu aliyopata. Wawili wakiandika kwamba mji mkuu wa Australia ni Canberra, huna la kusema. Lakini wote wawili wakiandika "Kamberaya", na walikaa dawati moja, hapo una kesi.

Leo nataka nikusimulie kuhusu mtu mmoja wa California aliyetumia ujanja huohuo dhidi ya mchezo wa chemshabongo uliovuma kuliko wote. Alipata ushahidi kwamba vitabu vyake vilitumiwa, wenye mchezo wakakubali kwamba walivitumia, na bado akashindwa kesi. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa.

Mchezo wenyewe ni Trivial Pursuit. Ulibuniwa Montreal, Kanada, tarehe 15 Desemba 1979. Chris Haney alikuwa mhariri wa picha katika gazeti la The Gazette, na rafiki yake Scott Abbott alikuwa mwandishi wa habari za michezo wa shirika la Canadian Press. Walitaka kucheza Scrabble, wakakuta baadhi ya herufi zimepotea, wakaishia kubuni mchezo wao. Unarusha dadu, unasogea kwenye njia ya duara, unaulizwa swali kulingana na rangi uliyotua: buluu ni jiografia, njano ni historia, kijani ni sayansi na viumbe, na nyingine tatu. Ukijibu vizuri kwenye vituo vikuu unapata vipande vya kujaza kijigurudumu chako. Vikitimia sita, unarudi katikati kwa swali la mwisho.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Waliongeza wenzao wawili, wakachangisha fedha kwa marafiki na watu waliofanya nao kazi, na mwaka 1981 wakatoa seti 1,100 za majaribio. Kila seti iligharimu kama dola 75 kuitengeneza, wao wakaiuzia maduka kwa dola 15. Hiyo si biashara, ni sadaka. Lakini mwaka 1984 peke yake ziliuzwa takriban seti milioni 20 Amerika Kaskazini.

Sasa fikiria kilichokuwemo ndani ya boksi. Kadi 1,000, kila kadi maswali sita: jumla maswali 6,000. Kama umewahi kuandaa chemshabongo ya maswali ishirini tu kwa ajili ya tafrija, unajua kichwa kinakauka ukifika swali la saba. Intaneti haikuwepo. Maswali yalitoka vitabuni, na miongoni mwa vitabu hivyo vilikuwemo vya Fred L. Worth.

Worth alikuwa muongoza ndege, wale wanaokaa mnarani kupanga ndege ipi itue na ipi isubiri. Pembeni alikuwa mkusanyaji wa mambo madogomadogo: majina ya mbwa wa kwenye filamu, namba za nyumba za wahusika wa televisheni, vitu ambavyo hakuna mtu mwingine angehangaika kuviandika. Kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo kilitoka 1974, kingine kikafuata 1977. Vilipangwa kama kamusi, kwa alfabeti.

Na ndani yake alitega mtego. Columbo alikuwa mpelelezi wa tamthilia maarufu ya Marekani, aliyeigizwa na Peter Falk, mwenye koti la mvua lililochakaa. Watunzi hawakumpa jina la kwanza; ilikuwa sehemu ya utani wa tamthilia. Worth akabuni moja na kuliandika kama ukweli: Philip. Ukimwona mtu anasema Columbo anaitwa Philip, ujue kalitoa kwa Worth.

Ujanja huu una ukoo mrefu. Wachora ramani walikuwa wakiingiza vijiji visivyokuwepo. Ensaiklopidia ya New Columbia ya 1975 ina habari za mpiga picha Lillian Virginia Mountweazel, aliyekufa katika mlipuko akiwa kazini kwa jarida la mambo ya vitu vinavyowaka. Hakuwahi kuzaliwa.

Basi, kadi moja ya Trivial Pursuit iliuliza jina la kwanza la Columbo. Jibu nyuma ya kadi: Philip.

Oktoba 1984 Worth akafungua kesi, akidai dola milioni 300. Alisema sehemu kubwa ya maswali ilitoka kwake, makosa na yote. Wadaiwa hawakukataa kwamba walitumia vitabu vyake. Walisema: ndiyo, vilikuwa miongoni mwa vyanzo vyetu, na kuna ubaya gani? Ukweli hauna mwenyewe. Mahakama ikakubaliana nao, na mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa ikasema vivyo hivyo. Hakimiliki hulinda namna mtu alivyoeleza na kupanga mambo, haimpi umiliki wa mambo yenyewe. Worth alipanga kwa alfabeti. Wao waliyageuza kuwa maswali, wakayagawa kwa mada na kuyatawanya kwenye kadi. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza.

Lakini Philip hakuwa ukweli! Philip alikuwa mtoto wa Worth mwenyewe, kamtunga kichwani. Hapa ndipo penye utamu. Ukimwambia msomaji "hili ni kweli", naye akakuamini, huwezi kugeuka kesho ukasema "aa, lile nililitunga, nilipe". Mahakama moja ya New York ilifika hapohapo mwaka 1992 kuhusu mitaa ya uongo kwenye ramani: uongo uliochomekwa katikati ya ukweli na kutolewa kama ukweli unahesabiwa na ukweli. Mtego wa Worth ulinasa vizuri tu, ila kilichonaswa hakikuwa kosa.

Mwaka 1991 Mahakama Kuu ikalimaliza suala lenyewe, safari hii kwa kitabu cha simu cha kampuni ndogo ya Kansas. Kampuni ya Feist ilichapa kitabu chake, na majina 1,309 yakafanana na ya kile cha kwanza. Manne kati ya hayo yalikuwa ya watu wasiokuwepo, yaliyopandwa makusudi. Kunakili kulionekana wazi. Feist wakashinda. Majaji walisema jasho peke yake haliumbi hakimiliki, lazima pawepo ubunifu, japo chembe.

Mimi naona mahakama zilikuwa sahihi, ingawa namhurumia Worth. Ingekuwa vinginevyo, mtu wa kwanza kupima kina cha ziwa angeweza kumdai kila mwandishi wa kitabu cha jiografia. Lakini angalau jina lake wangelitaja. Sisi huku vyuoni tunaweza kutumia matokeo ya mtu bila kumlipa senti, ila ukiacha kumtaja umekwisha. Hayo ni maadili ya kazi, na hakimu hana ubavu nayo.

Hata hivyo kilichonileta hapa ni mtego wenyewe, maana nje ya mahakama unafanya kazi ajabu. Wasomi wa miswada ya kale wanautumia tangu karne ya 19: nakala mbili zikiwa na kosa lilelile lisilotarajiwa, zina uwezekano mkubwa wa kutoka kwa nakala moja ya zamani. Ndiyo maana vyanzo vitatu vinavyosema Columbo ni Philip havihesabiki kuwa mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja, na huyo alikuwa anatania.

Wanabiolojia nao hivyohivyo. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C mwilini. Wewe huwezi, ndiyo maana unahitaji machungwa. Jeni inayohusika, GULO, unayo, ila imeharibika. Ya sokwe pia imeharibika, na baadhi ya makosa yamekaa palepale. Kama ingekuwa nzima kwa wote wawili, isingekuambia mengi, kwa sababu iliyo nzima wanayo hata panya na ng'ombe.

Simbilisi nao, wale wadogo wasio na mkia wanaofugwa kwa kitoweo, hawawezi kujitengenezea vitamini C. Lakini ukifungua jeni yao unakuta imevunjika kwa namna yake. Hawa hawakuangalizia kwetu. Walikosea wenyewe.