Feza ya Ndagala

Watu wa Songo, huko Uvira, hawana haja ya kuelezwa ndagala ni nini. Asubuhi mitumbwi inaporudi, mama zetu wanapokea samaki, wanawaosha, wanawaanika juani, na mikono yao inabaki iking'aa kama imepakwa feza. Sisi tuliokaa shuleni miaka mingi tunaipita feza ile bila kuuliza neno. Lakini habari yake ni ndefu, nayo inaonyesha kwamba elimu hii haikuanza katika vitabu. Ilianza katika beseni la kuoshea samaki.

Karibu na mwaka 1656 kulikuwa fundi mmoja wa Paris, jina lake Jaquin, mwenye kazi ya kutengeneza rozari. Inasimuliwa kwamba alitazama maji yaliyooshewa samaki wadogo wa mtoni, wale ambao Wafaransa wanawaita ablette, akaona unga wenye kung'aa umetulia chini. Akaukusanya, akaupaka katika shanga za kioo, na shanga zikafanana na lulu. Biashara ikaenea Ulaya. Watu wakavaa lulu za magamba ya samaki, wala hawakujua unga ule ni kitu gani.

Mwaka 1716 mtaalamu Réaumur aliuchunguza. Akaandika kwamba si rangi iliyoyeyuka kama wino, bali ni vipande vidogo na vyembamba mno. Mwaka 1844 Mjerumani Unger alipata kitu kipya ndani ya guano, yaani mavi ya ndege wa bahari yaliyouzwa kwa mbolea, kikaitwa guanini. Na mwaka 1861 Mfaransa Barreswil akatambua kwamba feza ya ablette ni guanini ile ile. Basi, pambo la shingoni na mbolea ya shambani vilikuwa na kitu kimoja ndani yao!

Lakini guanini yenyewe ni unga mweupe tu. Mng'ao unatoka wapi? Unatoka katika mpango. Ndani ya ngozi na magamba ya samaki, guanini inakuwa kristali bapa, nyembamba kuliko hata sehemu moja ya elfu ya milimita, zimepangwa moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu. Kila ukurasa unarudisha mwanga kidogo, na mianga ile inaungana. Unene wa kurasa na nafasi kati yao ndivyo vinavyochagua rangi. Zikichanganyika kurasa za unene mbalimbali, rangi zote zinarudi pamoja, nasi tunaona feza.

Tena feza hiyo ina kazi. Kati ya 1960 na 1970 Waingereza Denton na Nicol, huko Plymouth, walichunguza samaki wa bahari walio wa jamaa moja na ndagala. Waliona kwamba, ijapokuwa ubavu wa samaki umepinda, kristali nyingi zimesimama wima. Ndani ya maji marefu mwanga unatoka juu, na pande zote unafanana. Kioo kilichosimama wima hapo kinarudisha mwanga ulio sawa na ule wa nyuma yake. Jicho la mukeke anayewinda haliono samaki, linaona maji tu. Samaki akilala upande, kioo kinainama, naye anametameta: ndiyo ile nuru ambayo mvuvi anaiona chini ya taa yake.

Hata kinyonga ana siri hiyo. Mwaka 2015 wataalamu wa Genève walionyesha kwamba kinyonga mmoja wa Madagaska anasogeza kristali zake za guanini. Zikikaribiana, zinarudisha buluu. Zikiachana, zinarudisha manjano na wekundu. Kitu ni kile kile, mpango umebadilika.

Ndagala wetu alipewa jina la kitaalamu, Stolothrissa tanganicae, na Regan wa London mwaka 1917. Wazee wetu walikuwa wakimvua zamani kabla ya hapo, kwa moto na kwa wavu wa lusenga. Basi, ndugu wasomaji, tusidharau mkono unaofanya kazi. Fundi wa rozari hakuwa mwanachuo; aliona kwa sababu alitazama. Na mama anayeosha samaki Songo anashika kila siku kitu kile kile ambacho wenye elimu walikitafuta miaka mia mbili. Anayetaka kujifunza, aanze kwa kumwuliza yeye.