Serbin: Kijiji cha Wasorbi huko Texas na Kutoweka kwa Lugha Yao

Katika jimbo la Texas, Marekani, maili chache kutoka mji mdogo wa Giddings, kuna kijiji kiitwacho Serbin. Kijiji hiki hakina soko wala kituo cha reli. Kilicho nacho ni kanisa la mawe, makaburi na makumbusho. Mpita njia aweza kukidhania kuwa ni kijiji cha Wajerumani kama vingine vingi vya jimbo hilo. Jina lake, hata hivyo, lakanusha dhana hiyo, kwani limetokana na neno Serbja, ambalo ndilo Wasorbi, watu wa jamii ya Waslavi, wanalojiita wenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya kijiji hicho na kuchunguza jambo moja: ilikuwaje watu waliovuka bahari pamoja na dini yao na lugha yao, wakaihifadhi dini na kuipoteza lugha?

Asili na Safari

Wasorbi, ambao Wajerumani wamezoea kuwaita Wawendi, ni wenyeji wa Lusatia, mashariki ya Ujerumani. Tangu karne ya 10 wamekuwa chini ya watawala Wajerumani, na lugha yao imezungukwa na Kijerumani pande zote. Lugha hiyo ina maandishi ya namna mbili: Kisorbi cha Juu, chenye kitovu chake Bautzen, na Kisorbi cha Chini, kinachotumika karibu na Cottbus. Kwa mtaalamu wa sarufi, sifa yake mashuhuri ni kwamba imehifadhi uwili, yaani hali ya idadi iliyo kati ya umoja na wingi. Katika Kisorbi cha Juu, dom ni nyumba moja, domaj ni nyumba mbili, na domy ni nyumba nyingi. Biblia nzima ilipigwa chapa katika Kisorbi cha Juu mwaka 1728, na tangu hapo kanisa likawa mlinzi mkuu wa lugha ya maandishi.

Mwaka 1815 Lusatia iligawanywa, na sehemu yake kubwa ikatiwa katika ufalme wa Prussia. Miaka miwili baadaye mfalme wa Prussia aliamuru Walutheri na Wakristo wa madhehebu ya Kalvini waungane katika kanisa moja. Walutheri walioshika mafundisho ya kale walikataa, na miongoni mwao walikuwamo Wasorbi. Baadhi yao walimpata mchungaji Jan Kilian, aliyezaliwa mwaka 1811 na kusomea Leipzig. Mwaka 1854 kundi lililokusudia kuhama lilimwomba awe kiongozi wake wa kiroho.

Masimulizi ya wazao wa wahamiaji hao hutaja dini kuwa ndiyo sababu ya kuhama. Hapana shaka dini ilikuwa na uzito mkubwa. Lakini mateso ya Walutheri wa kale yalikuwa yamekwisha kupungua tangu miaka ya 1840. Katika miaka hiyo hiyo viazi viliharibika kwa ugonjwa, na ardhi iliwatosha wachache tu. Ni sahihi zaidi kusema kwamba imani iliwaunganisha watu hao, na ufukara ukawasukuma.

Watu zaidi ya 500 walisafiri hadi Liverpool, na mnamo Septemba 1854 wakapanda merikebu iitwayo Ben Nevis. Kipindupindu kiliwaingilia, na iliwabidi kutengwa Queenstown, Ayalandi, mpaka chombo kisafishwe. Walipowasili Galveston mwezi wa Desemba, watu wapatao 70 walikuwa wamekwisha kufa.

Kijiji na Kanisa Lake

Mwaka 1855 wahamiaji walinunua eneo la ekari zaidi ya 4,000 kwa bei ya dola moja hivi kwa kila ekari, na sehemu yake wakaitenga kwa ajili ya kanisa na shule. Kanisa la St. Paul lililopo hadi leo lilifunguliwa Desemba 1871. Kwa nje ni jengo la kawaida. Uzuri wake umo ndani. Nguzo za mbao zimepakwa rangi kwa ustadi hata zikafanana na marumaru. Mimbari yake imewekwa juu, usawa na roshani inayozunguka jengo. Zamani wanaume waliketi roshanini, na wanawake pamoja na watoto wakaketi chini. Kwa hiyo mhubiri aliwatazama wanaume ana kwa ana, nao wanawake wakamwinulia macho.

Mwaka huo huo wa 1871 reli ilipita Giddings, si Serbin. Biashara iliifuata reli, na kijiji kikabaki kidogo.

Lugha Tatu

Kijerumani hakikuwa kigeni kwa Wasorbi. Walitoka nacho Lusatia kama lugha ya serikali. Huko Texas kiliwajia kwa mlango mwingine. Majirani Walutheri walikuwa Wajerumani, na Sinodi ya Missouri, ambayo usharika wa St. Paul ulijiunga nayo, iliendesha shughuli zake kwa Kijerumani. Vitabu, walimu na wachungaji wa Kilutheri vilevile walipatikana kwa njia ya Kijerumani. Mwaka 1870 usharika ulifarakana, na suala la lugha lilikuwa miongoni mwa sababu. Kundi lililojitenga lilirudi mwaka 1914 tu.

Kilian alihubiri kwa Kisorbi na kwa Kijerumani hadi alipofariki mwaka 1884. Mwanawe Hermann alishika nafasi yake mpaka mwaka 1920, na baada yake ibada za kawaida za Kisorbi zikakoma. Gazeti la Giddings Deutsches Volksblatt, lililoanzishwa mwaka 1899, lilichapa Kisorbi mara chache. Sehemu yake kubwa ilikuwa kwa Kijerumani. Vita vya 1914–1918 vilikitia Kijerumani nacho mashakani, na Kiingereza kikachukua nafasi yake.

Ushahidi wa mabadiliko hayo umo makaburini. Yako mawe yaliyoandikwa kwa Kisorbi, yako ya Kijerumani, na mengine ni ya Kiingereza. Atembeaye kati ya makaburi hayo aweza kuisoma historia ya lugha ya kijiji kwa muda wa saa moja.

Hitimisho

Chama cha urithi wa Wawendi wa Texas kilianzishwa mwaka 1971, nacho ndicho kinachotunza makumbusho ya Serbin. Kila Septemba wazao hukusanyika kwa sherehe, wakaonyesha mayai ya Pasaka yaliyonakshiwa na kupika tambi kama walivyofundishwa na bibi zao. Nyimbo, vyakula na majina ya ukoo vimesalia. Lugha haikusalia kama lugha ya nyumbani. Kwa upande mwingine, katika vijiji vya Kikatoliki vya Lusatia, kama vile Crostwitz, watoto wangali wanajifunza Kisorbi kwa wazazi wao, kwa kuwa nyumba, shule na kanisa vyote vinakitumia.

Ni dhahiri, basi, kwamba Wasorbi wa Serbin hawakunyang'anywa lugha yao kwa amri ya mfalme yeyote. Waliiacha polepole, kwa hiari iliyokuwa na sababu zake, na katika kanisa lile lile walilolijenga ili wapate kusali kwa lugha hiyo. Mimbari iliilinda kwa muda wa miaka 65 hivi. Shule, soko na ndoa zilipohamia lugha nyingine, mimbari peke yake haikuweza kuizuia isitoweke.