Sikukuu ya Noeli: Asili Yake na Maana Yake

Kila mwaka, siku za Advento zinapokaribia, twasikia maneno mawili. Twayasikia tunapokwenda likizo na kutembea vijijini pamoja na makatekista, na tukirudi seminarini twaendelea kuyafikiri. Neno la kwanza ni ulizo: «Ninyi mnaosoma vitabu, ni nani aliyeandika kwamba Yezu alizaliwa tarehe 25 Desemba?» Neno la pili ni kali zaidi: «Noeli ni sikukuu ya jua ya wapagani wa Roma. Wazungu waliichukua, kisha wakatuletea sisi.» Wahubiri wengine husema hivyo sokoni, mbele ya watu wote. Na Mkristu asiyejua habari hunyamaza kwa haya, au hurudi kwake na mashaka moyoni.

Haifai kunyamaza, wala haifai kukasirika. Yatupasa kujua mambo yalivyokuwa, kisha kujibu kwa utulivu, bila kuficha kitu. Imani yetu haiogopi historia.

I. Injili hazitaji siku

Tuanze kwa kukubali lililo kweli. Mt. Luka atusimulia habari za kuhesabiwa watu, za hori, na za wachungaji waliokesha wakilinda kundi lao. Mt. Matayo atusimulia habari za nyota, za Mamajusi na za hasira ya mfalme Herode. Wala mmoja wao hataji siku, wala mwezi. Hata mwaka hatuujui sawasawa. Mmonaki Dionisio, aliyetunga huko Roma mwaka wa 525 hesabu ya miaka tunayoitumia leo, alikosa kidogo. Wanahistoria wengi husema kwamba Herode alikufa mwaka wa 4 mbele ya Kristu. Na Yezu alizaliwa Herode angali hai.

Tusishangae. Wakristu wa kwanza hawakufanya sikukuu ya kuzaliwa. Sikukuu yao kubwa ilikuwa Pasaka, na kila Dominika ilikuwa ukumbusho wa ufufuko. Mfiadini alipouawa, waliiweka akilini siku ya kifo chake, wakaiita siku yake ya kuzaliwa, maana siku ile amezaliwa mbinguni. Orijene, mwalimu mkubwa wa karne ya tatu, aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba katika Maandiko wanaofanya karamu ya kuzaliwa kwao ni watu kama Farao na Herode, yaani watu wabaya.

Wazee wetu pia hawakuandika tarehe. Walisema: fulani alizaliwa mwaka wa njaa kubwa, au wakati nzige walipopita. Hakuna aliyewaambia kwamba, kwa kuwa hawajui siku, basi hawakuzaliwa! Hivyo na habari ya Betlehemu. Imani yetu haikujengwa juu ya tarehe. Imejengwa juu ya neno hili, kwamba Mwana wa Mungu alijifanya mtu kweli, akazaliwa na mwanamke, zamani za Herode, katika mji wenye jina.

Lakini watu walipenda kuitafuta siku yenyewe. Klementi wa Aleksandria, karibu na mwaka wa 200, aandika kwamba wengine walitaja siku inayolingana na 20 Mei. Kitabu kimoja cha kuhesabu Pasaka, cha mwaka wa 243, chataja 28 Machi. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake.

II. Siku ya 25 Desemba ilitoka wapi?

Ushuhuda wa kwanza ulio wazi watoka Roma. Mwaka wa 354, fundi wa maandishi aliyeitwa Filokalo alitengeneza kitabu cha kalenda kwa ajili ya bwana mmoja Mkristu. Ndani yake mna orodha ya siku za wafiadini, iliyokusanywa mwaka wa 336. Na juu kabisa ya orodha ile, mbele ya wafiadini wote, kumewekwa kuzaliwa kwake Kristu huko Betlehemu, tarehe 25 Desemba. Basi twajua kwamba mwaka wa 336, Kaisari Konstantino angali hai, Ekleziya ya Roma ilikwisha kuishika siku hiyo.

Kitabu kile kile, katika kalenda ya Serikali, chataja siku ile ile kuwa siku ya kuzaliwa kwake «Asiyeshindwa», yaani mungu jua, pamoja na mashindano 30 ya magari ya farasi. Kaisari Aureliano alikuwa amemjengea mungu huyo hekalu kubwa mjini Roma mwaka wa 274. Sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuoni sana tofauti ya mchana na usiku kwa mwaka mzima. Lakini katika nchi za kaskazini, mwezi wa Desemba usiku huwa mrefu sana, na baridi ni kali. Kisha jua hugeuka, na mchana huanza kurefuka tena. Warumi walihesabu siku ya kugeuka huko kuwa 25 Desemba.

Wataalamu wana mawazo mawili, wala hawajapatana mpaka leo. Wengine husema kwamba Ekleziya iliiweka Noeli siku hiyo makusudi, ili kuwatoa watu katika sikukuu ya jua. Wengine humfuata Louis Duchesne, padri na mwanahistoria wa Ufaransa, aliyeeleza wazo lingine mwaka wa 1889. Asema hivi: tangu Tertuliano, mwanzoni mwa karne ya tatu, Wakristu wa upande wa Roma waliamini kwamba Bwana alisulibiwa tarehe 25 Machi. Tena watu wa kale walipenda miaka iliyo kamili. Wakafikiri kwamba Yezu alichukuliwa mimba siku ile ile aliyokufa. Sasa hesabu miezi tisa tangu 25 Machi: utafika 25 Desemba. Kama ndivyo ilivyokuwa, siku ya Noeli ilitoka katika Pasaka, si katika jua.

Hatutaki kuamua kati yao. Lakini tuangalie neno moja. Maandishi ya kwanza yanayotaja wazi sikukuu ya jua siku ya 25 Desemba ni kitabu hicho hicho cha mwaka wa 354, kinachotaja pia Noeli. Kwa hiyo anayetangaza sokoni kwamba Wakristu waliiba sikukuu ya wapagani, asema zaidi ya maandishi yenyewe.

Na kama Ekleziya iliichagua siku hiyo makusudi, je, tuone haya? Hatari ilikuwako kweli. Katikati ya karne ya tano, Papa Mt. Leo Mkubwa aliwakemea Wakristu waliopanda ngazi za basilika ya Mt. Petro, kisha mbele ya kuingia wakageuka nyuma na kuliinamia jua linalochomoza. Mt. Agustino alikuwa amewafundisha watu wake wa Afrika ya Kaskazini kwamba siku hii hatuitukuzi kwa sababu ya jua tunaloliona, bali kwa sababu yake Yeye aliyeliumba jua. Na nabii Malaki alikwisha kusema habari za jua la haki litakalochomoza. Basi Ekleziya haikuwapigia magoti wapagani. Ilisimama mbele yao, ikawaonyesha mwanga ulio wa kweli.

III. Kila taifa lilileta zawadi yake

Tusifikiri kwamba Wakristu wote waliipokea siku ya Roma mara moja. Mashariki, wengi waliadhimisha kuonekana kwake Bwana tarehe 6 Januari. Mwanamke mmoja msafiri, Egeria, alifika Yeruzalemu karibu na mwaka wa 381. Aliona ginsi askofu na watu wake walivyokesha Betlehemu usiku wa Epifania, kisha wakarudi Yeruzalemu wakiimba. Mt. Yoane Krizostomo, akihubiri Antiokia siku ya Noeli ya mwaka wa 386, aliwaambia watu kwamba sikukuu hiyo imejulikana kwao kwa muda usiofika miaka kumi. Waarmenia huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 6 Januari mpaka leo, nao ni Wakristu wa kale kama wengine. Hapo twaona kwamba siku yaweza kuwa nyingine, na imani ikawa moja. Mwaka wa 567, Sinodi ya Tours huko Ufaransa iliagiza siku zote toka Noeli mpaka Epifania ziwe siku za sikukuu.

Desturi nyingine zilikuja nyuma. Sisi hupenda sana pango la Noeli. Historia yake yajulikana vizuri. Mwaka wa 1223, Mt. Fransisko wa Asizi alikuwa Greccio, kijiji cha milimani katika Italia. Majuma mawili hivi mbele ya Noeli alimwita bwana mmoja wa pale, jina lake Yoane, akamwomba atayarishe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake taabu aliyoipata Mtoto Yezu kwa kukosa vitu. Usiku ule watu wa kijiji walikuja na mienge. Padri akasoma Misa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili. Kuwako kwa hori na altare pamoja ni fundisho kubwa: Yule aliyelazwa katika nyasi ndiye anayetufikia katika mkate.

Mt. Luka hataji ng'ombe wala punda. Wakristu waliwatoa katika kitabu cha nabii Isaya, panaposemwa kwamba wanyama hao humjua mwenyeji wao, lakini taifa la Mungu halimjui. Mt. Matayo naye hasemi kwamba Mamajusi walikuwa watatu, wala kwamba walikuwa wafalme. Watu walihesabu zawadi zao tatu, wakakumbuka na Zaburi inayoimba juu ya wafalme wanaoleta zawadi.

Mti wa Noeli ni desturi ya watu wa kaskazini. Habari zake zaanza katika nchi ya Alsace, karne ya kumi na sita. Kwao, theluji inapofunika nchi, miti mingine hupukutika majani, na huu hubaki kijani. Ndiyo maana waliuona kuwa alama ya uzima. Hata katika uwanja wa Mt. Petro huko Roma, mti huo ulisimamishwa mara ya kwanza mwaka wa 1982 tu, zamani za Papa Yoane Paulo II. Ni desturi nzuri kwa wenyewe. Lakini Mkristu wa kwetu asiyekuwa na mti nyumbani hakukosa kitu cha Noeli.

IV. Na sisi wa Kongo?

Sasa tujibu neno la pili, kwamba Noeli ni kitu cha Wazungu. Betlehemu si mji wa Ulaya. Wachungaji wale hawakuwa watu wa Ulaya, wala Mamajusi. Na hao Wazungu wenyewe, wengi wao walipokea Noeli kwa wamisionari, kama sisi. Mwaka wa 601 Papa Mt. Gregori Mkubwa aliandika barua juu ya Waingereza, waliokuwa wapagani bado. Aliagiza kwamba mahekalu yao yasibomolewe: sanamu ziharibiwe, nyumba zinyunyizwe maji ya baraka, na watu wamwabudu Mungu wa kweli pale walipozoea kukusanyika. Shauri hilo ndilo linalotufaa sisi pia.

Katika nchi yetu, neno hili lilileta mashindano makubwa. Mwaka wa 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo, ikisema si ya asili ya kwetu. Mwaka wa 1974 iliiondoa Noeli katika siku za mapumziko. 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Haikuwa mara ya kwanza duniani. Mwaka wa 1647 Bunge la Uingereza lilikuwa limeifuta Noeli, na mwaka wa 1660, mfalme aliporudi, nayo ikarudi. Kwetu pia imerudi katika kalenda ya Serikali. Maana Serikali haikuianzisha, nayo haikuweza kuiua.

Tena jibu zuri zaidi lilitoka mioyoni mwa Wakristu wenyewe. Katika mwaka wa 1958, huko Kamina, Misa iliimbwa kwa sauti na ngoma za Kiluba. Na mwaka wa 1988 Roma iliikubali Misa ya majimbo ya Zaire, pamoja na kuwaita wahenga na kucheza kwa heshima wakati wa Gloria. Usiku wa Noeli, watu wetu wanapozunguka altare kwa wimbo huo wa malaika, hawamwigi Mrumi wala Mfransisko. Wamleta Mtoto zawadi yao wenyewe.

Lakini tusijisifu mbio. Kuna desturi moja iliyoota kati yetu, nayo hatuwezi kumlaumu mpagani wa Roma kwa ajili yake. Ni desturi ya kufikiri kwamba Noeli ni nguo mpya na pombe. Kuna baba anayekopa fedha mwezi wa Desemba, akalipa mpaka Pasaka. Na kuna mama anayebaki nyumbani usiku wa Noeli, watoto wake wakisikia ngoma za kanisa kwa mbali, kwa kuwa hakupata kikwembe kipya, aogopa macho ya wenzake. Sikukuu aliyoitengeneza Fransisko ili tuuone umaskini wa Yezu, sisi twaigeuza kuwa siku ya kuwafukuza maskini wake!

Ndugu waseminari, hapo ndipo kazi yetu ilipo. Atakayetuuliza juu ya tarehe, tumjibu kwa historia. Lakini wiki mbili mbele ya sikukuu, tukiwa likizoni, twende kwa mama huyo pamoja na katekista. Tumwambie kwamba wa kwanza walioitwa hori lilipo ni wachungaji, nao walikwenda usiku ule ule, na nguo zao za kulindia kundi. Na akiingia kanisani, tumpe nafasi karibu na pango.