Kahawa ya Minova: kutoka mtumbwi wa usiku hadi mizani ya mkulima

Kolwezi, mtu akitaja mizani, watu wanafikiria Musompo. Mchimbaji anafika na mifuko yake, lakini mizani ni ya mnunuzi, Metorex ni ya mnunuzi, na namba inasomwa na mnunuzi. Mwenye mali anaambiwa tu atapata ngapi. Familia za Kivu ambazo vita vimezileta huku Lualaba zinaifahamu hali hiyo tangu zamani, ila kwao haikuwa kobalti. Ilikuwa kahawa. Na kwenye kahawa kuna wakulima waliofaulu, kwa miaka kadhaa, kuishika mizani wenyewe.

Kahawa ina mizizi mirefu katika nchi hii. Robusta, ambayo leo inanywewa dunia nzima, ilipelekwa Ulaya kutoka Kongo mwishoni mwa karne ya 19, baada ya Mbelgiji Émile Laurent kuikuta upande wa Lusambo, kando ya mto Sankuru. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilifika hadi Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu kahawa ya zamani. Lualaba hii inayopita kwenye bwawa la Nzilo, karibu na Kolwezi, inashuka Bukama, Kongolo na Kindu mpaka Kisangani, na mbele ya Kisangani iko Yangambi. Hapo ndipo Wabelgiji waliweka makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933, na robusta ilikuwa moja ya kazi zake kubwa.

Kivu ni habari nyingine. Huko ni arabika, kahawa ya milimani. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari, na mashamba yanapanda juu zaidi. Kolwezi nayo iko juu, ila kiangazi chetu ni kirefu mno kwa mti huo. Wazungu walichukua ardhi kubwa huko, hasa baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928. Wenyeji waliingia kwenye mashamba hayo kama vibarua, na wengine wakapanda miti yao wenyewe kando ya migomba na maharage. Shamba dogo la familia lilianza hivyo, na mpaka leo sehemu kubwa ya kahawa ya Kivu inatoka kwenye vipande vya ardhi ambavyo havifiki hata hekta moja.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zinapewa Wazairwa. Huku Katanga migodi mikubwa ilikuwa imeshachukuliwa na serikali tangu 1967, lakini kwenye kahawa pigo lilikuwa la aina yake. Wengi waliopewa mashamba hawakujua hata kupogoa mti. Mashine za kumenya kahawa zikashika kutu na mabirika ya kuoshea yakaota majani. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kuuza yalivunjika, na bei ikaanguka karibu nusu. Ugonjwa wa kunyauka ukaua robusta upande wa kaskazini-mashariki. Halafu vita. Nchi iliyouza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilibaki, kwa hesabu za serikali, na karibu sehemu moja ya kumi tu.

Kwa hesabu za serikali, maana kahawa nyingine ilikuwepo. Ilikuwa inavuka ziwa usiku.

Mkulima wa Minova, Kalehe au Idjwi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumpa mchuuzi aliyefika kijijini, mara nyingi kwa kubadilishana na nguo, chumvi au sabuni. Ya pili ni kupakia mifuko kwenye mtumbwi, kusubiri giza, na kupiga kasia hadi Rwanda. Huku kulikuwa na kodi na vizuizi vingi, na kila kizuizi kilikuwa na mkono wake. Ng'ambo kulikuwa na mnunuzi mwenye fedha taslimu. Lakini Ziwa Kivu lina dhoruba za ghafla, na mitumbwi ilijazwa kupita kiasi. Wanaume wengi walizama. Kuna vijiji vya pwani ya ziwa ambavyo wajane wake ni wajane wa kahawa. Na mtumbwi ukifika salama, kahawa yenyewe ilipoteza jina: ilichanganywa, ikahesabiwa kuwa ya jirani. Rwanda wakati huo ilikuwa inajenga vituo vya kuoshea kahawa kwa mamia, na mwaka 2008 ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence. Kongo haikuwa na cha kuonyesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika eneo la Minova, mkulima aitwaye Joachim Munganga alianza kukusanya wenzake na kufufua shamba la zamani pamoja na kituo chake cha kuoshea. Ndivyo ilivyozaliwa kooperativi ya SOPACDI. Wanachama wake walitoka makabila tofauti, katika eneo ambalo makabila hayo yalikuwa yametoka kupigana. Jambo hilo halipewi uzito unaostahili. Kukaa foleni moja na jirani uliyemwogopa mwaka jana, kila mmoja na ndoo yake, si kazi ndogo.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa ya maji na muda. Zamani kila familia ilimenya kahawa nyumbani, kwa jiwe au kimashine cha mkono, ikaioshea kwenye maji yaliyopatikana na kuianika chini. Mfuko mmoja ulikuwa na punje za kila namna. Kwenye kituo, matunda mekundu tu ndiyo hupokelewa, na hupimwa mbele ya mwenyewe siku ileile yalipochumwa. Yanatiwa majini ili mabovu yaelee na kuondolewa, yanamenywa, punje zinachachuka kwa saa kadhaa, zinaoshwa, kisha zinakauka juu ya meza za wavu kwa wiki mbili au zaidi huku wanawake wakichagua kwa mikono. Wanachagua kwa makini kwa sababu ukanda huu wa Maziwa Makuu una mdudu anayetoboa tunda, na punje moja aliyoigusa inaweza kukipa kikombe kizima ladha ya kiazi kibichi.

Twin, shirika la London lililoanzishwa mwaka 1985 kuwaunganisha wakulima wadogo na soko, lilishirikiana nao kutafuta wanunuzi. Mwaka 2011 SOPACDI ilipata cheti cha Fairtrade, na kahawa yake ikafika kwenye maduka ya Sainsbury's huko Uingereza ikiwa na jina la Kongo. Kooperativi nyingine zikafuata, kama Muungano upande wa Kalehe. Mwaka 2014 Bukavu ikapokea Saveur du Kivu, mashindano ambapo Wakongo wenyewe walikaa mezani kuonja na kutoa alama.

Kooperativi haikuwa pepo. Malipo ya mwisho huchelewa, mpaka kontena liuzwe, na mtu mwenye ada za shule mkononi hawezi kusubiri. Mtumbwi haukwisha siku moja. Mkulima wa kahawa pia ana bahati ambayo mchimbaji wa Kolwezi hana: mti ni wake, na msimu ujao utazaa tena.

Kama yupo wa kuuchuma. Januari 2025 M23 iliingia Minova, kisha Goma, na Februari ikafika Bukavu. Matunda yasiyochumwa hukauka mtini au huanguka chini, na ndani yake mdudu wa buni huzaliana, akisubiri mavuno yanayofuata. Kwa hiyo familia iliyokimbia msimu mmoja haipotezi msimu mmoja tu. Mti wenyewe hustahimili: ukikatwa shina hutoa machipukizi, na baada ya miaka miwili au mitatu huanza kuzaa tena vizuri.

Kuna kitu kingine kilichobaki. Ili kupata cheti, kila kooperativi hulazimika kuandika orodha ya wanachama: jina, kijiji, ukubwa wa shamba. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini Kivu haina hati, ni ya mila na ya neno la mwami. Orodha ya kahawa si hati ya ardhi, na mahakama haitaihesabu hivyo. Lakini kwa baadhi ya familia zilizo mbali na kwao leo, wakiwemo wajane walioandikishwa kwa majina yao wenyewe na si ya marehemu, ndiyo karatasi pekee inayosema kwamba kwenye mlima ule, kando ya ziwa lile, walikuwa na miti.