Watatu Waliofika Lagos

Wanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam wana neno lao kwa jambo hili: kuhama bendi. Mpiga solo analala bendi hii, anaamka ile, na mashabiki wanabishana vijiweni wiki nzima. Nilipoanza kusoma historia ya muziki kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nilitarajia kisa cha kunikosesha usingizi kiwe cha kwetu. Kumbe kilikuwa cha Paul McCartney, aliyekimbiwa na wanamuziki wawili kabla ya safari ya kwenda Lagos.

Ilikuwa Agosti 1973. McCartney alikuwa na umri wa miaka 31 na bendi aliyoiunda mwaka 1971, Wings. Kampuni yake ya rekodi, EMI, ilikuwa na studio katika nchi kadhaa. Akachagua ya Lagos, akitumaini jua na mazingira mapya. Kabla ya safari, mpiga gitaa Henry McCullough aligombana naye mazoezini, akaondoka. Usiku wa kuamkia safari, mpiga dramu Denny Seiwell akapiga simu kusema naye haendi. Manung'uniko ya malipo yalikuwa yamewakaa wanamuziki hao moyoni kwa muda.

Wakabaki watatu: Paul, mkewe Linda, ambaye alijifunza kinanda kwa sababu mumewe alimtaka kwenye bendi, na mpiga gitaa Denny Laine. Pamoja nao alikuwepo fundi mitambo Geoff Emerick, aliyewahi kufanya kazi na Beatles.

Nigeria waliyoikuta ilikuwa chini ya serikali ya kijeshi ya Yakubu Gowon, miaka mitatu tu baada ya vita vya Biafra. Studio ilikuwa Wharf Road, Apapa, karibu na bandari. Meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa na hitilafu, na mashine ya kurekodi ilikuwa moja, ya njia 8, wakati London walishazoea njia 16. McCartney akakalia dramu mwenyewe, kisha besi, kisha gitaa la solo, akipanga sauti moja juu ya nyingine.

Usiku mmoja yeye na Linda walikuwa wakitembea kwa miguu, ingawa walishaonywa wasifanye hivyo. Wakavamiwa na watu wenye visu. Mkoba ulioporwa ulikuwa na mashairi ya nyimbo na kanda za majaribio. Ikabidi nyimbo zirudiwe kutoka kichwani. Baadaye McCartney alianguka studioni akikosa pumzi. Linda alidhani ni moyo. Daktari alisema ni mirija ya mapafu, na sigara zilizidi.

Kisha akaja Fela Kuti. Alimtuhumu McCartney kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika. McCartney alimpigia nyimbo alizorekodi, Fela akasikia kwamba hamna chake ndani. Simulizi nyingi huishia hapo, kana kwamba Fela alikasirika bure.

Mimi ndipo ninapokwama. Mwaka 1971 Fela alirekodi London, katika studio ya EMI hiyohiyo. Aliziona mashine zao kwa macho yake. Alijua kampuni hii inaweka nini nyumbani kwake na nini Apapa. Vitabu vinamsifu McCartney kwa kuvumilia studio duni kwa wiki kadhaa. Wanamuziki wa Nigeria waliitumia mwaka mzima, na hakuna aliyewaandikia sifa ya uvumilivu. Hofu ya Fela haikutoka hewani, hata kama safari hii mtuhumiwa hakuwa na hatia.

Albamu, Band on the Run, ilimaliziwa London, ambako ala za okestra ziliongezwa. Hukohuko London ndiko Remi Kabaka, mwanamuziki wa Nigeria, alikopiga ala zake katika wimbo wa "Bluebird". Yaani bendi ilivuka Sahara kwenda Lagos, ikarudi, ndipo Mnaijeria akaingia kwenye albamu. Ilitoka Desemba 1973, na mwaka uliofuata ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Wings wakapata mpiga gitaa na mpiga dramu wapya.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuhesabu waliokimbia na kustaajabia watatu waliobaki. Nami nastaajabu. Lakini Lagos katika masimulizi yao ni joto, visu na mashine mbovu, na mtu aliyeuliza swali la maana hugeuzwa kuwa kero ya safari.

Msimamizi wangu aliniuliza albamu ya Waingereza inaingiaje kwenye tasnifu ya muziki wa Afrika. Nilimjibu kwa kumtajia anwani ya studio.