Ususi wa Makuti katika Historia ya Wafilipino

Historia ya ususi wa makuti ya mnazi nchini Ufilipino ina tatizo moja kubwa: jani huoza. Mfinyanzi huwaachia wachimbaji wa mambo ya kale vigae. Msusi hawaachii kitu. Hivyo mwanahistoria hana budi kutafuta ushahidi katika maneno.

Mwaka 1637 mmisionari Mhispania, Alonso de Méntrida, aliliingiza neno puso katika kamusi yake ya lugha za kisiwa cha Panay. Mwaka 1668 Mjesuiti Francisco Ignacio Alcina aliandika kwamba puso ilisukwa kwa maumbo mengi, kila umbo na jina lake. Ushuhuda huo una uzito, kwani watu hawajitaabishi kutunga majina mengi kwa jambo wasilolijali.

Puso ni kifuko kinachosukwa kwa chane za kuti changa, ambalo wenyeji wa Cebu huliita lukay. Mchele hutiwa humo bila kukijaza, kikafungwa na kuchemshwa. Wali unapofura hubanwa na jani, ukawa donge gumu lenye umbo la kifuko na harufu ya kuti. Hicho ndicho chakula cha baharia na mkulima: hakitaki sahani wala kijiko. Tena puso ilitolewa sadaka kwa mizimu.

Hapo ndipo mgongano ulipozuka. Wahispania, waliofanya makao Cebu mwaka 1565, walipiga vita matambiko. Hata hivyo ufundi haukufa. Ulipata kazi nyingine kanisani. Kwa Jumapili ya Matawi husukwa palaspas, matawi ya kuti changa yenye mapambo, ambayo yakiisha kubarikiwa hutundikwa milangoni. Wako wanaodhani kwamba ususi huu ni zawadi ya Hispania. Ni kweli kwamba mjini Elche, nchini Hispania, nako matawi husukwa siku hiyo. Lakini ni ya mtende. Sikukuu ilitoka ng'ambo. Mikono na mnazi vilikuwa vya wenyeji.

Msomaji wa Kiswahili, anayelijua pakacha, atauliza kama kuna udugu. Utafiti wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya Madagaska na ya pwani ya Afrika Mashariki ina mchanganyiko wa asili ya Pasifiki, uliohusishwa na safari za mabaharia wa kale wa Kiaustronesia. Mti, basi, ulivuka bahari. Ususi hauthibitishwi kwa hoja hiyo: penye kuti na haja ya kubeba mzigo, watu wawili wasiojuana waweza kubuni kikapu kimoja.