Simba na Yanga: watani waliotoka nyumba moja



Kila nikikaa na Waswahili wenzangu huku ughaibuni, iwe London iwe Maskati, mazungumzo ya mpira hayaishi bila ya mtu kuitoa ile hadithi. Eti Yanga ilikuwa timu ya Waafrika, na Sunderland, ambayo leo ndiyo Simba, ilikuwa timu ya Waarabu na wapambe wao. Wengine wanaigeuza upande wa pili: eti Yanga ni ya washamba na Simba ni ya watoto wa mjini. Msimulizi anacheka, na sisi tunacheka. Lakini nimeona vijana wetu waliozaliwa huku wanaichukua vile vile ilivyo, manake wao hawakupata kukaa barazani wakaona jinsi wazee wanavyokonyezana wakiisema. Wanaondoka wakiamini kwamba Kariakoo ulikuwa mji uliopasuka kwa rangi, na mpira wake ulikuwa vita vya rangi. Sisi tuliokwisha kuona katika pwani yetu maneno ya "wao na sisi" yanaweza kufika wapi, hatuna haki ya kuliacha jambo hili lipite hivi hivi. Kwa hiyo naomba niseme ninavyoiona mimi historia hii.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Young Africans inahesabu umri wake tangu mwaka 1935. Simba inahesabu wake tangu 1936. Mwaka mmoja tu kati yao, na sababu yake inajulikana na kila mzee wa Kariakoo: hao wa 1936 walitoka ndani ya wale wa 1935. Waligombana, baadhi wakajitenga, wakaunda timu yao iliyoitwa Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Basi hawa si watu wawili waliotoka makwao mbalimbali wakakutana uwanjani. Hawa ni ndugu waliogawana nyumba. Na hata walipogawana hawakuhama. Mmoja yuko Mtaa wa Msimbazi, mwingine yuko kule Jangwani kwenye Mtaa wa Twiga, na baina yao ni mwendo wa miguu tu, hata jasho halijakutoka umefika.

Sasa hilo jina. Wanaoshikilia hadithi ya rangi hupenda kusema: tazama, hawa walijiita Sunderland, jina la mkoloni! Sawa, lakini hebu tuulize, Young Africans ni Kizaramo? Majina yote mawili ni ya Kiingereza. Tofauti ni kwamba moja Waswahili walilitafuna mpaka likawa Yanga, likasahaulika lilikotoka. Na wakati ule Sunderland halikuwa jina la ajabu kwa mpenda mpira. Sunderland ya Uingereza ilikuwa bingwa wa ligi msimu wa 1935/36, na mwaka 1937 ikachukua Kombe la FA. Kijana wa Dar es Salaam wa siku zile akijiita Sunderland alikuwa akifanya lile lile analofanya kijana wa leo anayevaa jezi ya Arsenal.

Sisemi kwamba hadithi ya rangi haina hata chembe. Mwingereza aliugawa mji wa Dar es Salaam: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika Kariakoo na Ilala. Humo humo Kariakoo walikuwamo Waarabu wenye maduka, Wamanyema, Wazaramo, Wandengereko, Wanubi na watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Klabu inataka mpira, viatu, jezi na pahala pa kukutania, na mwenye duka ndiye mwenye senti. Kwa hiyo palikuwa na watu wa kila namna nyuma ya kila timu, na mpinzani akitaka kukutania anaokota lile linalouma. Lakini chembe ya ukweli si mkate mzima.

Kwa maoni yangu, ukitaka kuuelewa ushindani huu usianzie kwenye mpira, anzia kwenye ngoma. Kabla ya Yanga na Sunderland vijana wa miji hii walikuwa na beni. Terence Ranger aliyaandika haya vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1975. Beni ilianzia pwani ya Kenya, ikateremka Tanganyika, na huku kwetu ikawa na pande mbili, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na sare zake, vyeo vyake vya kijeshi, viongozi wake, na wanachama wanaosaidiana katika ugonjwa na mazishi. Siku ya mashindano mji ulisimama. Na kabla ya beni? Lamu kulikuwa na Mkomani na Langoni. Makunduchi, Unguja, mpaka leo siku ya Mwaka Kogwa wanaume wa upande mmoja na wa upande wa pili wanapigana kwa migomba, kisha watu wanakula pamoja. Hata taarab ilipoingia Dar es Salaam ilikaa katika mkao ule ule: Egyptian upande huu, Al-Watan upande ule.

Mnauona mkao wenyewe? Mji wa Kiswahili hauoni raha ukiwa mmoja mzima, unapenda kuwa na nusu mbili. Kila nusu inajipamba kwa sababu ya nusu ya pili. Marini bila Arinoti ni watu wanaotembea na tarumbeta tu. Mpira ulipokuja ulikuta viti viwili vimeshawekwa, ukakaa.

Na ushahidi mzuri wa hili ni Pan African. Mnakumbuka mgogoro wa Yanga katika miaka ya 1970: Yanga Kandambili na Yanga Raizoni. Wazee walibaki na kandambili zao, vijana wakaitwa Raizoni kwa vile viatu vya soli nene vya siku zile. Mwaka 1976 Raizoni wakaondoka na wachezaji hodari wakaunda Pan African. Ilikuwa timu ya kweli, si utani, mpaka mwaka 1982 ikachukua ubingwa wa Tanzania. Kwa hesabu ya uwanjani ilistahili kuwa mhimili wa tatu. Haikuwa. Cosmopolitan nayo ilichukua ubingwa mwaka 1967, leo nani anaizungumza? Mji ulikuwa na viti viwili, cha tatu hakikuwapo. Waliobaki na jina la Yanga ndio waliobaki na mtani, na mwenye mtani ndiye mwenye mashabiki.

Hapo tunafika kwenye neno lenyewe. Mashabiki wa Simba na Yanga hawaitani maadui, wanaitana watani wa jadi. Neno hili si la kupamba magazeti. Utani ni taasisi ya zamani yenye sheria zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani wao husemwa ulitokana na misafara ya kutoka bara kuja pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, na huna ruhusa ya kukasirika. Msiba ukikufika, mtani ndiye anayekuja kukuchekesha, na ndiye anayeshika jembe kaburini. Yaani utani umetengenezwa ili watu walio karibu mno waweze kushindana bila ya kuuana.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Baba alikuwa mnazi wa Yanga, na mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa Simba damu. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Baada ya bao la nne baba alizima redio, akasema betri zimekwisha. Mama hakusema neno. Usiku akamwekea chakula, akajitanda kanga kama mfiwa na kumpa pole ya msiba kwa adabu kabisa, na majirani wa upande wa Simba wakaja mmoja mmoja kuhani. Baba alilazimika kuwakaribisha kahawa. Angewafukuza angekuwa kavunja utani, na hiyo ndiyo ingekuwa aibu kubwa kuliko mabao sita. Naye alikuwa na akiba yake, manake kila akibanwa alirudi tarehe 1 Juni 1968, siku Yanga ilipoifunga Sunderland 5 kwa 0, na kule Nyamagana, Mwanza, Agosti 1974, ambako Gibson Sembuli alisawazisha dakika za mwisho na Sunday Manara akamaliza kazi katika muda wa nyongeza.

Sasa niambieni, kama huu ulikuwa ugomvi wa rangi au kabila, baba na mama walikaaje nyumba moja miaka yote ile? Tazameni ukoo wa Manara. Kitwana Manara alifunga katika zile tano za 1968. Mdogo wake Sunday ndiye wa Nyamagana. Haji, mtoto wa Sunday, akawa msemaji wa Simba, tena msemaji mkali, mpaka mwaka 2021 alipohamia Yanga. Damu moja, kuta mbili. Na wachezaji vile vile: Emmanuel Okwi, Amissi Tambwe, Haruna Niyonzima, Ibrahim Ajibu, Clatous Chama, wote wamevaa jezi zote mbili.

Ukitaka kuona ushindani uliojengwa juu ya asili ya watu, vuka mpaka tu uende Nairobi. Gor Mahia ilikuwa ya Wajaluo na Abaluhya ya Waluhya, majina yenyewe yanasema, mpaka mwaka 1980 serikali ikaamuru majina ya kikabila yaondolewe na Abaluhya ikawa AFC. Au nenda Glasgow, ambako Rangers na Celtic walibeba Uprotestanti na Ukatoliki. Kwa Simba na Yanga huwezi. Mtajie mtu jina la shabiki, kabila lake, dini yake na mkoa wake, kisha mwambie akisie timu. Atabahatisha tu.

Mimi naona ndugu wa kweli wa Kariakoo ni Liverpool. Everton ndiyo iliyokuwa ikicheza Anfield. Ukatokea ugomvi wa ndani, kodi ya uwanja ikiwamo, na mwaka 1892 Everton wakahama. Mwenye uwanja, John Houlding, akabaki na uwanja usio na timu, akaunda Liverpool. Everton wakajenga Goodison, bustani ya Stanley Park ikawa katikati, na kwa zaidi ya miaka 130 jirani akamtazama jirani. Koo zimechanganyika, baba huku mwana kule. Na mwaka 1989, baada ya maafa ya Hillsborough, watu wa pande zote mbili walifunga skafu zao, nyekundu na buluu, wakaziunganisha kutoka uwanja mmoja mpaka mwingine. Huo kwetu tungeuita utani umefanya kazi yake.

Lakini nisiwapambe mno watani wetu. Tarehe 1 Oktoba 2016 mashabiki waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa, na serikali ikazifungia klabu zote mbili uwanja huo. Tarehe 8 Machi 2025 mechi haikuchezwa kabisa: usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, wakasema hawachezi, mechi ikaahirishwa, na ilichezwa tarehe 25 Juni tu, Yanga ikashinda 2 kwa 0. Miezi mitatu na nusu watu walizungumza kanuni, barua na vikao. Sikuusikia utani humo, nilisikia mawakili. Klabu zimekuwa kubwa, zina wadhamini na fedha, zimefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga mwaka 2023 na Simba mwaka 2025. Hayo ni mafanikio na tunayashangilia. Ila mkubwa akisahau kutaniwa, anabaki na ubishi tu.

Ndiyo maana nalishughulikia hili la hadithi ya rangi. Matusi ya utani, kama "vyura" wanavyoitwa Yanga kwa sababu ya mafuriko ya Jangwani, au "mikia" wanavyoitwa Simba, yanafanya kazi kwa sababu kila mtu anajua kwamba msemaji na msemwa ni wa nyumba moja. Ondoa ujuzi huo, yanabaki matusi matupu. Mtoto aliyezaliwa Leicester au Toronto akirithi tusi bila ya kurithi utani, tumempa kisu bila ya ala.

Basi tukiwasimulia, tuwasimulie yote: kwamba 1936 palikuwa na ugomvi, na waliogombana walikuwa wamoja. Wenye kumbukumbu za wazee wa Msimbazi na Jangwani, khasa za miaka ya 1930 na 1940, tafadhali ziandikeni kabla hatujazikwa nazo.

Nawasilisha.